Breki ya Mbele na Mteremko wa Shahada

"Unashika breki kwa vidole vingapi?"

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina shahada ya fizikia iliyokuwa bado inanukia wino, na nilikuwa nimeendesha baiskeli tangu darasa la tatu. Niliutazama mkono wangu kana kwamba ni wa mtu mwingine, nikaukunja hewani, nikaukunjua, nikahesabu vidole, na kila nilipohesabu nilipata jibu tofauti. Aliyeniuliza alikuwa fundi wa baiskeli, amekalia kidumu kilichopinduliwa, gurudumu langu limelala mapajani mwake kama ungo wa mchele, wala hakuninyanyulia macho. "Basi nenda kafikiri," akasema. "Ukilipata jibu, rudi. Baiskeli iache hapa."

Juma lililopita nilipata ujumbe kwenye simu kutoka kwa jamaa mmoja wa Chonyi: yule fundi wako wa breki ametutoka, azikwa leo alasiri kwao Takaungu. Nilipowaeleza wenzangu kazini, kila mmoja aliuliza swali lile lile: alianguka? Hakuanguka. Kifua kilimbana siku chache, akalala, hakuamka. Mtu aliyetumia maisha yake kuzuia wenziwe wasife mteremkoni alifariki kitandani, mahali tambarare kabisa, na nina hakika angelichukua hilo kuwa ushahidi wa kazi yake nzuri. Mazishi sikuyawahi. Nilikuwa Malindi, na habari ilinifikia watu wameshapanga safu za kumsalia. Imenibaki safu hii ya gazeti.

Wasomaji wa hapa mnanijua. Mimi ndiye yule anayeuliza kwa nini mkutano wa saa tatu huanza saa tano, nani alithibitisha kwamba maji ya dafu yanatibu kila kitu, na huo ushahidi uko wapi. Baadhi yenu mmeniandikia mkiniomba kwa upole nipumzike. Tabia hiyo sikuiokota gazetini. Nilitoka nayo chuoni ikiwa mbichi, ikiuma kila kinachosogea, na mtu wa kwanza kuitia breki alikuwa marehemu. Naye, mtanisamehe kusema hivi juu ya maiti, alikuwa mbishi kuliko mimi.

Baada ya kuhitimu nilikaa nyumbani Kilifi muda mrefu kuliko nilivyokuwa nimewaahidi wazazi. Kisha nikapata kibarua katika mradi mmoja wa kilimo: kuzunguka mashamba ya vilima vya Chonyi, kusoma vipimo vya mvua na kuwauliza wakulima maswali. Kuajiriwa kuuliza maswali! Niliona dua za mama zimejibiwa. Mradi ulinipa baiskeli mpya yenye gia, breki mbele na nyuma, zile za raba mbili zinazobana rimu kama koleo. Nilipewa pia miezi mitatu ya kujaribiwa na onyo moja kutoka kwa msimamizi: baiskeli ikiharibika kwa uzembe, inarudi ofisini, na asiye na baiskeli hana kazi. Nilicheka. Ni nani anayeharibu baiskeli mpya?

Kupanda vilima kulikuwa jasho tu. Taabu ilikuwa kushuka, na taabu hiyo ilikuwa na jina. Barabara ninayoisema ni ya changarawe ya murram, nyembamba, imechimbwa na maji pembeni. Inashuka kwa hasira kutoka kwenye minazi ya juu, halafu inapinda kushoto ghafla kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Wenyeji wanaiita Mteremko wa Shahada. Niliposikia jina hilo mara ya kwanza nilidhani kuna msomi aliyezaliwa pale, nikafurahi kwamba watu wa huku wanaheshimu elimu. Sivyo. Ni shahada ile nyingine, maneno ambayo Mwislamu hupenda yawe ya mwisho kinywani mwake. Watu wenye baiskeli walikuwa wakiyatamka wakifika kwenye kona.

Siku yangu ya nne kazini nilifika kwenye kona hiyo nimezibana breki zote mbili kwa nguvu zangu zote, na baiskeli ikaendelea kwenda kana kwamba sijasema kitu. Sikupinda. Nilikwenda moja kwa moja, nikapita kwenye kamba ya nguo ya nyumba iliyo pale konani, nikatokea upande wa pili nimejifunga kanga usoni, nikasimamishwa na chungu ya makumbi ya nazi. Nilikuwa bado natafuta miguu yangu ndani ya makumbi niliposikia sauti ya mwanamke.

"Kanga yangu hiyo. Usiende nayo."

"Samahani, mama. Breki hazikushika."

"Hilo nimeliona mwenyewe. Umeumia?"

"Sijui bado."

"Basi ukishajua, teremka pale chini penye bati jekundu, utamwona mume wangu. Yeye fundi." Akaivuta kanga yake kichwani mwangu, akaikung'uta. "Ila nenda kwa miguu."

Nilimkuta mumewe chini ya kibanda cha bati. Nilimwamkia, "Shikamoo, ami," akaitikia "Marahaba" huku akiitazama baiskeli, si mimi. Nikaanza kumweleza. Nilisema breki zina kasoro ya kiwanda, nikataja msuguano, nikataja pembe ya mteremko, nikataja uzito wangu, jambo ambalo sina desturi ya kulitaja. Aliniacha nimalize. Kisha akainama, akanusa rimu.

"Baiskeli hii yaenda harusini?"

"Kwa nini?"

"Imepakwa nazi. Kilichobaki ni kuisuka nywele."

Nilikataa. Nilimwambia baiskeli ni mpya, haijatimiza wiki mbili, imetoka kiwandani imefungwa kwenye karatasi. "Basi huko kiwandani kwao wana minazi," akasema, akapitisha kidole chake kwenye rimu, akakipitisha kidole hicho hicho kwenye nywele zake chache za kichwani, zikang'aa. Hapo ndipo aliponiuliza lile swali la vidole, nikaondoka bila baiskeli na bila jibu.

Nyumbani nilimkuta mama anachambua mchicha. Nilimuuliza kama amewahi kuigusa baiskeli ya kazi. Alinitazama kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa kama amewahi kuwasha jiko.

"Kwani wewe katika nyumba hii umeona chuma gani kina kutu?"

Ni kweli. Sisi tunakaa karibu na maji, na hewa ya chumvi inakula kila kitu, lakini kwetu haili. Mama hupaka mafuta ya nazi bawaba za milango, majembe, mapanga, cherehani, kikaango, na tulipokuwa wadogo alitupaka sisi pia kwa kitambaa hicho hicho na kwa mpango huo huo. Baiskeli ilikuwa ikilala ukumbini. Kila jioni, nikienda kuoga, aliifuta vumbi na kuinywesha.

"Ulipaka na rimu?"

"Hiyo ndiyo ilikuwa inang'aa zaidi."

"Na zile raba za breki, mama?"

"Hizo nilizipaka sana," akasema kwa fahari. "Zilikuwa zinakwaruza."

Mimi, niliyemhoji profesa wangu kuhusu asili ya nuru, sikuwa nimejiuliza kwa nini baiskeli yangu inanukia kama kichwa cha mtoto siku ya Idi. Nilirudi kwa fundi asubuhi yake nikamweleza ukweli. Hakucheka, jambo lililonikera zaidi. Alisema tu, "Msalimie sana mamako. Mwambie asiiguse."

Alichofanya baadaye nakieleza hapa kwa sababu kuna vijana wanaoshuka vilima vile mpaka leo, na si wote wana bahati ya kuangukia makumbi. Alichukua jivu la jikoni, akalikamulia ndimu na maji kidogo, akasugua rimu zote mbili kwa kumbi la nazi, duara zima, pande zote, akasuuza, akarudia, akaziacha zikauke juani. Nilimuuliza kwa nini jivu. Akaniuliza sufuria ya pilau kwetu yasuguliwa kwa kitu gani. Usiku nilikwenda kusoma, nikagundua kwamba jivu likikutana na mafuta huyageuza kuwa sabuni, nikakimbilia kwake asubuhi na habari hiyo njema. Alinitazama kama mtu aliyepelekewa habari kwamba maji yanalowesha. Kwa hiyo ile ndimu ni ya nini, nikauliza, maana asidi inalipunguza nguvu jivu? Akafikiri. "Ni ya harufu," akasema. Kuanzia siku hiyo nilimwona akisugua bila ndimu, ila mimi sikuambiwa ahsante.

Raba za breki alizitoa, akazisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka ule uso uliokuwa umekuwa kioo ukatoka, ikabaki raba yenyewe. Akazichokoa kwa sindano ya kushonea magunia, akitoa vipande vidogo vya mawe na chuma vilivyojipachika ndani, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyokwangua rimu na kupiga kelele. Alipozirudisha alikunja kipande cha boksi la kiberiti, akakiweka kwenye ncha ya nyuma ya kila raba, akabana, akakitoa, ili ncha ya mbele ya raba iwahi kugusa rimu kidogo tu kabla ya nyuma. Waya wa breki aliutoa ndani ya ganda lake, akaupitisha kwenye kitambaa chenye mafuta, akaurudisha. "Mafuta mahali pake ni humu," akasema. "Mamako hakukosea sana. Kakosea nyumba tu."

"Na vidole?" nikauliza. "Ni vinne, ami. Nimejichunguza. Vyote vinne."

"Umeviweka wapi?"

Nikamwonyesha. Nilikuwa nimeshika mpini wa breki karibu kabisa na usukani, pale unapoanzia. Aliinuka, akauendea mlango wa kibanda chake, akausukuma kwa kidole pale penye bawaba. Haukwenda. Akausukuma kwa kidole hicho hicho upande wa pili, ukafunguka wote. Akarudi kukaa. Basi. Wasomaji, hilo ni somo la nyenzo, linafundishwa kidato cha pili, na mimi nilikuwa nimelifanyia mtihani mara mbili nikapata alama nzuri. Tangu siku hiyo nashika breki kwa vidole viwili, kwenye ncha ya mpini, vingine viwili vinashika usukani. Nilifika nyumbani nikakitazama cheti changu ukutani, nacho nadhani kilikuwa kikinitazama.

Lakini ugomvi wetu hasa ulikuwa bado. Niliporudi kuchukua baiskeli nilikuta ina breki moja. Ile ya mbele ameing'oa, na ukutani kwenye misumari zilining'inia breki za mbele za nchi nzima, kama popo. Za kila mteja aliyewahi kupita pale. Ikiwemo yangu, mpya, inayong'aa, popo wa mwisho kulia.

"Ami, breki yangu."

"Ile ya kupigia mweleka? Hiyo nimekuwekea hapa, huihitaji."

Akanieleza habari za mtu mmoja aliyeibana breki ya mbele pale kwenye Shahada, akaruka juu ya usukani, akafika chini kabla ya baiskeli yake. Nilimwambia huyo mtu aliibana peke yake, kwa ghafla, akiwa amekaa mbele. Nikachukua spoki, nikachora ardhini. Nikamwonyesha kwamba mtu akishuka na kushika breki, uzito wake hukimbilia gurudumu la mbele, la nyuma likabaki jepesi linateleza tu, kwa hiyo breki yenye kufanya kazi kubwa ni ya mbele, na hiyo ndiyo anayoinyonga yeye ukutani. Akautazama mchoro wangu muda mrefu.

"Uzito wangu mie," akasema, "uko hapa nilipoukalia."

"Tufanye jaribio."

"Ukianguka je? Ulisema kazi yako ni baiskeli hii."

"Sitaanguka."

"Msomi weye, ukipinduka kwa sayansi, mwajiri wako hataandika kuwa ni sayansi. Ataandika umepinduka."

Alikuwa anasema kweli, na nililijua hilo. Msimamizi alikuwa ameshasikia habari za kanga na makumbi, maana vilima vya Chonyi havina siri, akanipigia simu akaniambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba mara ya pili hatutazungumza kwenye simu. Lakini bila breki ya mbele nilikuwa nashuka mguu mmoja ukiburuta chini, kiatu kimeanza kuisha, na kila jioni nilijiambia kwamba kesho ndiyo siku. Nikapanga: nitamthibitishia, au nitarudi nyumbani kupakwa mafuta na vyuma vingine.

Tulikubaliana Jumamosi asubuhi. Siku moja kabla tuliweka mawe mawili chini ya kona, moja kila upande wa barabara. Sheria zilikuwa hizi: naanzia hapo hapo konani kwenye kisiki cha mnazi, sikanyagi pedali, nikifika kwenye mawe nashika breki, na mahali nitakaposimama panapimwa kwa hatua. Mara tatu breki ya nyuma pekee, mara tatu zote mbili. Shahidi alikuwa mkewe, aliyetoa kiti akakiweka mlangoni na kuanua nguo zote kabla hatujaanza.

Fundi mwenyewe alinifungia breki ya mbele, kwa uso wa mtu anayemfungia mgonjwa bandeji isiyo na faida. Hakukosa kunipa wasia. "Ukibana, kaa nyuma ya kiti, nyoosha mikono. Usizibane zote kwa mpigo, anza ya nyuma. Mwendo upunguze kabla ya kona, si ndani ya kona. Na usizing'ang'anie njia nzima, rimu hupata moto, raba hulainika. Bana, achia, bana." Kisha, kwa kuwa mimi ni Mkristo, akaongeza: "Sisi pale twasema shahada. Nyinyi mwasema Baba Yetu, lakini hiyo ndefu, utafika chini hujaimaliza. Tafuta fupi."

Mara tatu za kwanza, kwa breki ya nyuma, gurudumu lilipiga kelele likaburuza, nikasimama mbali kule kwenye mpapai, mara zote. Mara ya nne nikashika zote mbili. Nilikaa nyuma, nikanyoosha mikono, nikatafuta fupi, na baiskeli ikasimama. Nasema ikasimama, kama mtu aliyeitwa kwa jina. Nilikuwa sijafika hata nusu ya njia ya kwenda kwenye mpapai.

Fundi akapima kwa hatua. Akarudi juu kwenye mawe, akapima tena. "Hatua hizi fupi," akasema, ingawa zilikuwa zake. Nikashuka mara ya tano, mara ya sita. Yale yale.

"Umeshindwa, mume wangu," akasema mkewe mlangoni.

"Sijashindwa. Nangoja."

"Wangoja nini?"

"Apinduke."

Sikupinduka. Siku hiyo wala siku nyingine. Nilimaliza miezi yangu mitatu, mkataba ukaongezwa, na kazi ile ndiyo iliyonifikisha, kwa njia ndefu, kwenye ukurasa huu. Lakini jioni ile ya Jumamosi nilitaka kitu kimoja tu: aseme, "Nimekosea." Sikuomba sherehe. Neno moja. Nilikaa kwenye kile kibanda mpaka adhana ya magharibi nikilingoja, naye alizungumzia bei ya raba, mvua, mbuzi wa jirani, na kila kitu ambacho Mungu ameumba isipokuwa breki ya mbele.

Wiki iliyofuata nilipita nikakuta misumari ukutani ni mitupu. Alikuwa amewaita wateja wake mmoja mmoja. Alikuwa akimfungia mgema mmoja breki ya mbele, yenye utando wa buibui, ya miaka kabla sijazaliwa, na nilimsikia kwa masikio yangu akimweleza: "Breki za mbele za siku hizi zimeboreshwa sana."

Zimeboreshwa! Nilikasirika mwezi mzima. Tangu wakati huo nimelisikia neno hilo kila mahali. Nimewasikia viongozi wakilitumia kuhusu mambo waliyoyapinga mwaka uliotangulia, nimewasikia wahubiri, walimu wangu wa chuo, na mara moja, nasikitika, nilijisikia mimi mwenyewe nikilisema mbele ya mama kuhusu mafuta yake ya nazi. Kwetu hakuna anayekosea. Vitu ndivyo vinavyoboreka. Kwa muda mrefu niliamini kwamba hiyo ndiyo kasoro yetu kubwa, kwamba tungejifunza kusema nimekosea tungekuwa na barabara bora na hospitali zenye dawa. Siku hizi sina hakika hiyo. Nimekutana na watu wengi wanaokiri makosa yao kwa ufasaha, kwenye vikao, mpaka machozi yanawatoka, na popo wao bado wananing'inia ukutani. Fundi hakukiri chochote, ila hakulala mpaka breki ya mwisho ilipotoka kwenye msumari. Kama ningelazimishwa kuchagua nani anitengenezee baiskeli, ningechagua yeye, tena bila kuuliza swali, na mnajua kwangu hilo si jambo dogo.

Watu wa baiskeli pale wamepungua. Pikipiki zimechukua vilima, zinashuka Shahada na abiria wawili na gunia, na sijui wao wanasema nini kwenye kona. Watamu nimeona wageni wenye baiskeli za breki za sahani, zinazoshika hata kwenye mvua, na ningetoa kitu kikubwa kumwona marehemu akizinusa. Lakini kila mara nikiona kijana anashuka kilima amekaa nyuma, mikono imenyooka, vidole viwili kwenye ncha ya mpini, najua amepitia kwa nani, au kwa aliyepitia kwake.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo, na funzo nilikuwa nimeliandaa. Lilikuwa zuri, lenye mizani: yeye alinifundisha kutumia vidole na jivu, mimi nilimfundisha breki ya mbele, tukatoka sare, kwa kuwa kila mmoja alikubali kujaribiwa. Shaka ikikutana na kipimo, niliandika, ukweli hujitokeza wenyewe. Niliipenda sana sentensi hiyo. Halafu jana nikaenda kutoa pole.

Mjane wake alikuwa amekaa mkekani na jamaa zake, nami nikajitanda leso, nikapiga magoti, nikampa mkono. Alinitambua papo hapo. "Wewe ndiwe wa kanga," akasema, na wanawake wote wakageuka, maana inaonekana habari yangu ni maarufu. Tukazungumza. Nikamkumbusha Jumamosi ile, mashindano yetu, nikamwambia naandika kuhusu mumewe gazetini, nimeeleza jinsi breki ya mbele ilivyomshinda. Akatikisa kichwa polepole.

"Ilimshinda na ufagio wangu," akasema.

Nikamuuliza ufagio umeingiaje.

"Si mvua ilinyesha ule usiku wa kuamkia Jumamosi yenu? Pale konani mvua ikinyesha hushusha mchanga, wajaa barabara nzima. Alipotoka kusali alfajiri akauona. Akarudi akachukua ufagio wangu wa chelewa. Nikamwuliza, barabara ya serikali waifagia wewe? Akaniambia, yule mtoto wa watu ataibana breki ya mbele juu ya mchanga, gurudumu litamtoroka, ataanguka, na kazi yake iende. Kafagia kuanzia kwenye mawe yenu mpaka chini kwenye mpapai, ufagio wangu ukabaki kigutu. Kisha akaja akanawa mikono, akanywa chai, akakaa kungoja ashinde."